Maswali Arobaini na Ndoo Moja

Leo aibu imenikuta nimelala chali, tena mbele ya mkwe. (Ngojeni kwanza. Msikimbie na mawazo. Nilikuwa chini ya gari.)

Naandika nikiwa saiba, haya maduka ya kulipia intaneti, hapa mtaa wa Tom Mboya, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, na dada wa kaunta ananiangalia magoti. Magoti yana matope. Acha aangalie, leo nimezoea.

Kwa wale wageni hapa jukwaani, mimi ni mkutubi katika chuo kimoja mjini. Kazi yangu ni kujibu maswali ya wanafunzi, na ugonjwa wangu ni kuuliza yangu. Nikiona kitu sikijui, silali. Sasa mwaka huu mimi na mume wangu, Baba Tevo, tumepata pesa za kununua gari yetu ya kwanza. Mimi nikaruka kwa furaha. Yeye akasema maneno manne tu:

"Tumpigie simu mjomba Kizito."

Mjomba Kizito ni ndugu ya mama yake. Ni dalali wa magari. Kompyuta hajawahi kuigusa, anasema inaharibu damu. Na tayari alikuwa ametuwekea gari: pikapu kuukuu ya kijani, ambayo mlango wa abiria umefungwa kwa waya. Abiria anaingilia upande wa dereva, anavuka gia, ndipo anakaa. Abiria ni nani? Ni mimi! Na sketi zangu za kazini!

"Haiwezekani," nikasema. "Siku hizi watu wanatafuta magari kwa mtandao."

"Mtandao utakuja kukushikia spana?"

"Nipe miezi mitatu tu, Baba Tevo."

"Haya. Miezi mitatu. Ikiisha kama huna gari, Jumatatu inayofuata pesa zinaenda kwa mjomba, na hiyo pikapu tunachukua."

Miezi mitatu imeisha leo, Jumamosi. Mmeona nilivyokuwa nimebanwa?

Si nilisoma! Kila siku saa saba, wenzangu wakienda kula, mimi naenda mtandaoni. Nilianza nikijua gari ina tairi nne na honi. Sasa hivi niulizeni. Najua kule Japani gari ikiuzwa mnadani hupewa alama kama mtoto wa shule, na inachorewa karatasi ya kuonyesha kila mkwaruzo. Najua redio za magari yao zinaishia FM tisini, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, ndiyo maana jirani yetu, na gari yote ile, anasikiliza stesheni moja kutoka Januari hadi Desemba. (Na mimi nilidhani anaipenda!) Najua gari iliyowahi kuzama majini hujulikana kwa kunusa zulia. Najua kuna nchi wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na hiyo chumvi inakula chuma. Nakaa Kangemi, theluji nitaionea wapi? Lakini nilitaka kujua, na nikishataka kujua basi.

Mwishowe nikakusanya maswali arobaini. Nikayachapisha kurasa tatu, kila swali na nafasi yake ya jibu. Na kutoka kwa mtaalamu mmoja wa ng'ambo nikachukua sheria tatu. Moja, usizoeane na muuzaji, uliza swali lako ujibiwe. Pili, fika mapema kabla ya miadi ushike boneti, maana ikiwa na joto ujue mwenyewe ameipasha injini ili kuficha ugonjwa. Tatu, usionyeshe umeipenda. Ya nne ni yetu wenyewe na hakuna mzungu aliyenifundisha: usiende kununua kitu umependeza. Mwenye mali akiona kiatu kizuri, bei inapanda hapo hapo.

Wiki tatu zilizopita nikaiona. Stesheni wagoni, rangi ya fedha, mwenyewe ni mmoja tangu iingie nchini, iko Spring Valley, mtaa wa matajiri. Picha tatu. Nilitazama zile picha hadi mwanafunzi mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Nikatuma barua pepe. Nikajibiwa. Nikatuma nyingine. Kwa jumla nimetuma kumi na nne. (Maswali ni arobaini, jamani, nilikuwa nayagawa!) Majibu yalikuja mafupi sana. Niliuliza, "Je, gari hii imewahi kuendeshwa kwenye theluji?" Nikajibiwa, "Gari iko Spring Valley." Niliuliza, "Redio inashika stesheni ngapi?" Nikajibiwa, "Moja. Inatutosha." Halafu nikapewa miadi: leo, saa tano asubuhi.

Saa tatu nilikuwa langoni. (Sheria ya pili!) Nimevaa sweta iliyotoboka kiwiko, leso kiunoni, na viatu vya plastiki ninavyovaa nikienda kulima nyumbani. Mkobani nina maswali yangu, kalamu na simu.

Lango lilifunguliwa na mzee mmoja anayetunza bustani, Shivachi jina lake. Akaniangalia kutoka kichwani hadi kwa viatu. Kwa viatu akakaa kidogo.

"Umekuja?"

"Nimekuja."

"Umechelewa. Mwalimu anakungoja tangu saa mbili."

Saa mbili? Nikashangaa, lakini nikamfuata. Gari ilikuwa pale kando ya ua wa miiba ya kayaba. Nilipita karibu nayo nikaipapasa boneti kama mtu aliyejikwaa. Baridi! Moyoni nikaweka tiki.

Kibarazani alikuwa ameketi mama mmoja mzee, miwani minene, mgongo umenyooka. Mwalimu mkuu mstaafu hahitaji kujitambulisha, hata mimi nilijikuta nimeficha mikono nyuma.

"Wewe ndiye umetumwa na Mama Ciku?"

Hapo ndipo nikaelewa. Huyo Mama Ciku alikuwa amemtafutia dada wa kazi, na huyo dada hajafika. Na mimi, kwa sweta hii na viatu hivi, nimefika! Nikafungua mdomo nimweleze ukweli. Haki ya Mungu niliufungua. Lakini yeye akaendelea:

"Leo nakujaribu tu. Usipike, usifue. Kuna mtu anakuja kuangalia hii gari saa tano. Ioshe, ndani na nje. Ufunguo ndio huu."

Akaniwekea ufunguo mkononi.

Wadau. Ufunguo! Ni mnunuzi gani amewahi kupewa ufunguo, ndoo, na saa mbili nzima na gari, bila mwenyewe kusimama kando akimwambia inakunywa mafuta kidogo? Nimesoma makala zote zilizoko huko mtandaoni, hakuna hata moja iliyosema hili linawezekana. Nikapiga hesabu haraka: nitaosha, nitachunguza, nitaondoka kabla ya saa tano. Jioni nitamwandikia barua ya kumi na tano, nimtajie bei, na wa kuja kuchukua gari ni Baba Tevo. Mwalimu hataniona tena.

Mdomo wangu ukajifunga. Ukafunguka tena ukasema, "Sawa, mwalimu."

Nikaanza kazi. Na niwaambie ukweli, sijawahi kufurahia kazi hivyo. Kila nilipopitisha kitambaa nilipitisha na kidole. Nilinusa mazulia yote manne, nimepiga magoti, pua chini. (Hakuna maji. Kuna karanga.) Nilifungua buti, nikainua tairi ya spea, nikaliona shimo lake limekauka vizuri. Chini ya kiti cha nyuma nilipata risiti ya Kijapani, nikaikodolea macho dakika tano nzima nikijaribu kukisia walinunua nini. Nilipata pia kalamu ya rangi iliyovunjika. Nikawaza, kuna mtoto mahali fulani Japani aliilia hii kalamu, sasa ni mtu mzima, na hajui iko Spring Valley. Kila nikimaliza kitu nakausha mkono, naingia kitini, naandika jibu kwenye karatasi yangu, natoka tena kwa ndoo.

Halafu nikawasha injini. Swali la tisa linataka usikie inavyoamka asubuhi. Iliamka kwa upole. Lakini kabla sijaandika, mwanamke akaongea ndani ya gari!

Karibu nipite dirishani. Ilikuwa sauti tamu ya Kijapani kutoka kwa deshibodi, kama mtu anayekukaribisha mkahawani. Nikazima. Nikawasha. Akasema tena. Nikazima. Nikawasha. Anasema nini huyu? Ananisalimia? Ananionya? Nilifanya hivyo mara sita, hadi Shivachi akaja na wilibaro kuona kama nimeshikwa na kitu.

"Huyo ni mama wa gari," akasema. "Kila mtu akiwasha lazima aongee. Hata sisi hatujui anasema nini."

Wakati huo nilikuwa nimeona kitu kwenye mlango wa nyuma, kushoto. Kibonyeo kidogo, rangi imepigwa juu kwa brashi. Nikamuuliza hiki ni nini. Shivachi akaangalia kibarazani, akainama.

"Ni hii wilibaro. Mwaka jana. Mwalimu hajui, macho yake si mazuri. Usiseme."

"Siwezi," nikasema. Alipoenda nikaandika.

Alisimama nyuma ya ua akipiga simu, nikamsikia akisema, "Njoo sasa mzee, huyo mwingine bado." Sikujali. Nilikuwa na shughuli na breki.

Saa nne mwalimu akaniita kibarazani. Chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Nikaketi pembeni, nikanywa. Nikaanza kumpenda, na hiyo ni kinyume cha sheria ya kwanza.

"Huyu mwanamke anayekuja leo," akasema, "sijui alilelewa na nani. Mjukuu wangu ndiye aliyeweka hiyo gari kwa mtandao, na ndiye ananisomea barua kwa simu. Kumi na nne! Kumi na nne, na hakuna hata moja iliyoanza na hujambo. Anaingia tu na viatu: Je, eksosi? Je, theluji?"

Nikaurudisha mkate sahanini.

"Labda ana kazi nyingi, mwalimu."

"Kazi gani ya kumshinda mtu kusema hujambo?"

Nilimshukuru kwa chai, nikarudi kwa gari. Na hapo, wadau, ndipo nilipofanya kitu kibaya. Swali la thelathini na nane linasema: Mwenye gari ni mtu wa aina gani? Chai yake ikiwa bado ya moto tumboni mwangu, nikaandika: "Mzee. Haoni vizuri. Bana bei." (Najua. Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe njia nzima.)

Ilibaki kuangalia chini kama injini inavuja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkoba nikauacha kwa kiti cha mbele na karatasi juu yake, nikatandika gunia, nikalala chali, nikajisukuma chini ya gari. Hakuna hata tone la oili! Nikatabasamu peke yangu huko chini. Gari ni nzuri. Gari ni yetu. Pikapu ya waya kwaheri.

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zangu hazikufika hata masaa mawili.

Nikasikia lango. Nikasikia hatua. Nikageuza kichwa nikaona viatu vya ngozi vya kahawia, kimoja kina kamba nyeusi na kingine kina kamba nyeupe. Nchi hii yote, ni mtu mmoja tu anayefunga viatu hivyo.

"Mwalimu! Hujambo mama?" Ilikuwa ni sauti ya mjomba Kizito.

Mjomba anafanya nini hapa?

"Sijambo, Mzee Kizito. Karibu."

"Na macho? Yale matone waliyokubadilishia yanawasha bado?"

"Afadhali sasa."

"Na yule msichana wako wa Eldoret, alijifungua salama?"

"Salama, mtoto wa kiume. Kilo tatu na nusu."

"Mungu ni mwema. Na hii baridi, miguu inasemaje?"

Ndugu zangu, walisalimiana kwa muda wa kuchemsha maharagwe. Mimi niko chini, shingo inaniuma, nasikiliza. Nikaunga moja na moja: Shivachi ni mtu wa kwao, na ndiye aliyempigia simu. Kumbe mjomba amekuwa akija hapa kunywa chai wiki nzima! Bila kompyuta! Bila swali hata moja la gari!

Mwishowe mwalimu mwenyewe ndiye akaitaja. "Umekuja hapa mara tatu, Mzee Kizito, na hujawahi kuniuliza hata bei ya gari. Nakuona wewe ni mtu. Lakini mimi nilikuwa mwalimu, aliyetangulia kwa foleni ametangulia. Shivachi, mpigie yule wa barua, kwa ile namba aliyoandika. Akisema anakuja, tutamngoja. Asiposhika, gari ni ya Mzee Kizito."

Nikafikiria haraka. Nikitoka sasa na kusema ndiye mimi, gari ni yetu, lakini nimejiaibisha mbele ya mkwe. Nikikaa kimya, gari imeenda. Nilikuwa bado nafikiria hivyo, ndipo gari ikaanza kucheka.

Ni ule mlio wa simu wa mtoto mchanga anayecheka. Mwanangu Tevo aliniwekea. Simu ilikuwa kwa kiti cha mbele, dirisha liko wazi, na kile kitoto kikacheka kikapaliwa, kikacheka tena.

"Ni nini hiyo?" mwalimu akauliza.

Shivachi akakata simu. Gari ikanyamaza. Akapiga tena. Gari ikacheka tena.

"Simu iko ndani ya gari," Shivachi akasema polepole. "Kwa mkoba wa dada. Na kuna makaratasi."

"Lete. Mzee Kizito, nisomee, unajua macho yangu."

Mjomba akavaa miwani. Nilisikia ile sanduku yake ya miwani ikilia tap. Na mjomba, kwa wale hamumjui, husoma masomo kanisani. Hasomi kitu kwa haraka.

"Maswali arobaini ya gari ya Spring Valley," akaanza. "Swali la kwanza. Boneti. Jibu: baridi, hajaipasha, ni mwaminifu. Swali la kumi na mbili. Mlango wa nyuma, kushoto. Jibu: wilibaro. Shivachi. Mwalimu hajui."

Shivachi akakohoa kikohozi cha mtu mwenye kifua.

"Swali la thelathini na nane. Mwenye gari ni mtu wa aina gani. Jibu..." Mjomba akashusha karatasi. "Mwalimu, hili tuliruke."

"Mzee Kizito. Soma."

"Mzee. Haoni vizuri. Bana bei."

Nikasikia mjomba akizikunja zile karatasi.

"Na huyo dada wa kazi ako wapi?" mwalimu akauliza.

"Ako hapo chini," Shivachi akasema. (Asante sana, Shivachi.)

Mjomba akainama. Sasa mnielewe vizuri. Kwetu, mjomba wa mume ni mkwe kamili. Mkwe hamkai kiti kimoja. Mkwe akipita unajifunga leso vizuri na unaangalia chini. Na huyu mkwe amesimama, mimi nimelala chali, miguu imetoka nje ya gari hadi magotini, matope, viatu vya plastiki.

"Mama Tevo?"

"Hujambo, mjomba," nikasema kutoka chini ya eksosi.

"Sijambo. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo."

(Tulisalimiana hivyo, kwa heshima zote, yeye akiongea na magoti yangu.)

Nikajisukuma nje. Nikasimama. Leso ilikuwa na grisi, na uso pia, niliambiwa baadaye. Mwalimu akasogea karibu sana hadi miwani yake ikakaribia pua yangu.

"Wewe ndiye wa theluji?"

"Ndiye mimi, mwalimu. Nisamehe. Nilikuja kama mnunuzi, ukanipa ufunguo, nikashindwa kuurudisha. Na yale niliyoandika ni mabaya. Naona haya."

"Maswali arobaini," akasema. "Na hakuna hata moja la kuuliza kwa nini nauza."

Nikaangalia karatasi mkononi mwa mjomba. Kweli. Theluji ipo. Kwa nini anauza haipo.

"Daktari amenikataza kuendesha," akasema. "Miaka sita mimi na hii gari. Kila asubuhi yule mama Mjapani akiongea nilikuwa namjibu, hujambo na wewe. Sijui alikuwa anasema nini, lakini alikuwa anaanza yeye. Mashine! Na wewe uliyesoma ukaandika mara kumi na nne."

Nililia kidogo. Sitaficha. Si kwa sababu ya gari, ni vile alivyosema hilo neno miaka sita.

Mwalimu akaniwekea mkono begani, akanipa kitambaa chake safi nijifute, kisha akamgeukia mjomba. "Mzee Kizito, gari ni yako. Na wewe mama, umeiosha vizuri ajabu. Huyo wa Mama Ciku hajafika mpaka sasa. Kazi ukiitaka, ipo."

Nikasema asante, nina kazi ya maktaba.

"Basi uwe unawasalimia wanaokuja," akasema.

Mjomba alinifuata hadi langoni. Nikadhani atanigombeza. Badala yake aliangalia upande wa ua, si unajua mambo ya mkwe, akasema, "Ile pikapu nimeiuza jana. Mimi hii nilikuwa nawatafutia nyinyi. Jumatatu njoo na Baba Tevo. Mtaongeza elfu ishirini ya miguu yangu."

Elfu ishirini! Juu ya bei ambayo ningeipata mwenyewe kwa hujambo moja! Lakini gari ni ile ile, ya fedha, na mlango unafunguka upande wangu. Nikakubali.

Hata sijafika Westlands, Baba Tevo akapiga simu. "Mama Tevo! Mjomba ametupatia gari! Stesheni wagoni, na anasema inang'aa hata unaweza kunyolea ndevu kwa mlango! Si nilikuambia huyo mzee anajua magari? Na mtandao wako ulikupa nini?"

Nikamwambia ulinipa mazoezi.

Kuhusu hayo mengine, mjomba amekubali kunyamaza. Hatamwambia Baba Tevo, hatawaambia watu wa kwao Kakamega, hatasema hata akinywa chai baada ya ibada. Malipo ya kunyamaza ni jogoo mmoja, wa kienyeji, mwenye upanga mkubwa. Nimeshamnunua. Yuko hapa chini ya kompyuta ndani ya kikapu, kichwa nje, anasoma na mimi.

Jogoo mzima nimetoa ili jambo hili lisijulikane na mtu. Halafu nimeketi hapa, nimelipia dakika arobaini kwa pesa zangu, nikawaandikia nyinyi wote.